Ripoti ya krediti safi, mshahara unakatwa: deni la Texas limenifuata Ohio

Dada wa Pongwe
Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi. Nipo Columbus, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku. Ijumaa nimefungua slipu ya mshahara nikadhani ni usingizi: baada ya kodi ilikuwa nipate dola 1,480 za wiki mbili, nimepata 1,110. Pembeni wameandika amri ya mahakama, 370.

Kisa ni cha zamani. 2016 nikiwa Houston nilishindwa marejesho ya gari. Wakaja kulivuta usiku, wakaliuza mnadani, wakasema bado nadaiwa 6,800. Walipiga simu weee, mwisho kimya. Nikajua yameisha. Juzijuzi nimevuta ripoti ya krediti, ile rekodi ya mikopo na marejesho yangu, lile gari halimo kabisa, skoo (alama za kukopesheka) 700 na kitu! Nikamrushia dada yangu picha ya skrini. Sasa hawa wametokea wapi? Na mbona Texas miaka yote hiyo hawakugusa hata senti?

Mtoto wa Kariakoo
Pole dada. Badilisha kazi tu, wakija wakute hewa.

Mzee wa Dayton
Kariakoo, usimpoteze mwenzio. Wakijua kazi mpya wataomba amri nyingine.

Binti yangu, nyuma ya amri hiyo ya mahakama kuna hukumu, na ripoti na hukumu ni vitu viwili. Ripoti za Equifax, Experian na TransUnion, kampuni zinazotunza rekodi za madeni, ni daftari la wakopeshaji. Deni lililoharibika hukaa humo miaka 7, kisha linatoka. Hukumu za madai nazo zilikuwa zinaandikwa humo, lakini 2017 wakaanza kuziondoa. Ndiyo maana skoo yako inang'aa na hukumu ipo hai mahakamani. Ya Texas ina uhai wa miaka 10, na mdai anaweza kuihuisha.

Hawakukugusa kule kwa sababu katiba ya Texas inakataza kukata mshahara kwa madeni ya kawaida. Matunzo ya mtoto wanakata, gari hapana. Ohio haina kinga hiyo. Ulipohama ndipo wakapata pa kukushika. Hiyo 370 ni robo kamili ya 1,480, ukomo wa sheria ya shirikisho kwa deni kama hili. Na mwajiri haruhusiwi kukufukuza kwa makato ya deni moja.

Sasa nijibu: samansi ya Texas uliipokea?

Dada wa Pongwe
Shikamoo mzee. Samansi gani? Leo nimepiga Houston, karani kanitumia jalada kwa barua pepe. Hukumu ya upande mmoja, Machi 2018. Mdai simjui hata kwa jina, siye aliyenikopesha. Kuna kiapo cha mpeleka samansi kwamba alinikabidhi mkononi, mlangoni kwangu, Januari 11. Eti mwanamke "mrefu, miaka 50 hivi". Mzee, mimi kabati la jikoni nafungua kwa kupanda stuli, na mwaka huo nilikuwa na miaka 31! Halafu Januari 11 nilikuwa Tanga kwenye arobaini ya mama. Pasipoti ina mihuri ya Dar: kuingia Desemba 28, kutoka Januari 20.

Mzee wa Dayton
Marahaba. Huyo mdai atakuwa amenunua deni, ndiyo biashara yao. Hiyo pasipoti piga nakala kurasa zote, hata tupu. Hukumu ambayo mdaiwa hakuitwa kihalali inapingika, Texas ilikotolewa na hata huko Ohio wanakoitumia. Usiwapigie wadai kuahidi kulipa kidogo kidogo kabla wakili hajaona jalada. Nenda ofisi ya msaada wa kisheria, waulize kama kipato chako kinakubalika.

Cha haraka zaidi: notisi ya makato huja na fomu ya kuomba kusikilizwa. Siku zake ni za kuhesabu kwa vidole. Iko wapi?

Dada wa Pongwe
Nimeiona. Ilikuwa kwenye droo na karatasi za bima, bahasha haijafunguliwa. Nilidhani ni matangazo. Imebaki siku moja. Natoka zamu saa moja asubuhi, naenda mahakamani moja kwa moja na sare yangu hivi hivi.

Mtoto wa Kariakoo
Beba na stuli, hakimu aone mwenyewe.