Mrejesho: kutengana bila talaka
Ndugu zangu, mimi ndiye niliyeuliza kama naweza kuishi mbali na mume wangu bila kuvunja ndoa. Inawezekana. Sheria ya Ndoa ya 1971 hapa Tanzania inairuhusu mahakama kutoa amri ya kutengana: ndoa inabaki, halazimiki mtu kukaa na mwenzake, na mahakama inaweza kuamuru matunzo, hata mgawanyo wa mali mliyochuma pamoja. Kwa talaka, kwa kawaida lazima mpite kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa.

Sisi tulianzia barazani hata hivyo, nashukuru mno, maana mume wangu alisikilizwa bila kukatizwa. Tumeandikiana makubaliano ya kuishi mbali, sheria inayatambua. Ada za watoto analipa yeye. Talaka siitaki kwa sasa.