Kozi za mwaka wa kwanza Mlimani: za lazima nizichukulie vipi, na za kuchagua nichague zipi?

Mgeni_Gongolamboto:

Habari za jioni, ndugu wanajukwaa. Nimepata nafasi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusoma shahada ya awali ya sosholojia, nikitokea tahasusi ya HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza. Nyumbani kwetu mimi ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu, hivyo sina kaka wala dada wa kumuuliza mambo haya. Mwongozo wa programu nimeusoma, lakini kila ninapomaliza ukurasa maswali yanaongezeka.

Kwanza, nimeona kwamba pamoja na kozi za fani yangu nitapaswa kusoma Taaluma za Maendeleo, yaani DS, na Stadi za Mawasiliano, yaani CL. Baadhi ya wenzangu wanasema hizi ni za kujaza nafasi na haziingii kwenye GPA, yaani wastani wa alama za kozi zote, wengine wanasema zimewaangusha watu wengi. Ningependa kujua ukweli uko wapi, na kama inawezekana kuziahirisha hadi mwaka wa tatu ili nianze na zile ninazozipenda. Pili, nimekuwa nikitazama video za wanafunzi wa Marekani wakieleza kozi zao za elimu ya jumla, na wao wanasema shahada nzima ina krediti 120, ilhali hapa naona krediti 120 ni za mwaka mmoja. Je, sisi tunasoma mara tatu yao, au kuna kosa la uchapaji? Tatu, kozi za kuchagua nizichague kwa kigezo gani? Ninavutiwa na uchumi, ila hisabati niliishia kidato cha nne. Naomba mzingatie pia kwamba sijapata chumba hosteli, na nitakuwa nikitokea Gongo la Mboto kila siku.

Kijana_wa_Yombo:

Hongera sana, mdogo wangu, na karibu Mlimani. Mimi niko mwaka wa tatu katika Ndaki ya Sayansi za Jamii, hiyohiyo unayokwenda.

DS na CL zinaingia kwenye GPA kama kozi nyingine yoyote, na anayekuambia vinginevyo usimsikilize tena hata katika mambo mengine. Alama unayopata hugeuzwa kuwa pointi: A, inayoanzia 70, ni pointi 5, B+ inayoanzia 60 ni 4, B inayoanzia 50 ni 3, na C inayoanzia 40 ni 2. Pointi hizo huzidishwa kwa krediti za kozi, zikajumlishwa kwa kozi zote, kisha jumla ikagawanywa kwa krediti zote ulizosoma. Sasa chukulia kozi ya krediti 12 ambayo ungeweza kupata B+, lakini ukaridhika na C kwa sababu uliambiwa ni ya kujaza nafasi. Hapo umepoteza pointi 24, na katika mwaka wa krediti 120 hiyo ni 0.2 ya GPA iliyoondoka kwa kozi moja tu. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5, na anayetaka kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi hutakiwa kuwa na 3.8, kwa hiyo sehemu hizo ndogo zina uzito kuliko zinavyoonekana mwezi wa kwanza.

Kuhusu kuahirisha, sahau. Kozi za lazima zimepangiwa mwaka na muhula wake, na utakapofungua akaunti yako ya ARIS, yaani mfumo wa chuo wa kusajili kozi mtandaoni, utazikuta zimekwisha kuorodheshwa. Ninaowafahamu waliokuwa nazo mwaka wa tatu ni wale waliofeli, wakafeli na sup, yaani mtihani wa marudio, ndipo wakakeri, yaani wakabeba kozi hizo hadi mwaka unaofuata. Kama una mkopo wa Bodi ya Mikopo, kumbuka pia kwamba kuendelea kuupata kunategemea kufaulu na kuvuka mwaka.

Kinachowaangusha watu katika DS ni wingi wao, wala si ugumu wa kozi. Mhadhara mmoja unaweza kuwa na mamia ya wanafunzi wa fani mbalimbali, mhadhiri hakujui kwa jina wala kwa sura, na ni rahisi kujiambia kwamba utasoma makabrasha ya wenzako. Lakini alama za muhula, ambazo kwa kawaida ni 40 kati ya 100, hupatikana kwenye majaribio na semina, na semina ina daftari la mahudhurio. Jiandikishe kundi la semina siku ile ile orodha inapotoka. Ratiba ya chuo huanza saa moja asubuhi na kufika saa mbili usiku, na makundi ya katikati ya mchana huwahi kujaa. Mtu wa Gongo la Mboto akiangukia kundi la saa moja asubuhi, muhula mzima atakuwa anaingia wenzake wakiwa wameshaanza kuwasilisha.

Mwalimu_Mstaafu:

Ndugu zangu, nimewahi kuwa mshauri wa kitaaluma wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na swali la krediti huulizwa mara nyingi kuliko linavyojibiwa.

Hakuna kosa la uchapaji, bali vipimo viwili tofauti vimepewa jina moja. Marekani, kwa desturi, krediti moja ni saa moja ya darasani kwa wiki katika muhula wa wiki zipatazo 15, pamoja na saa mbili za kujisomea kwa kila saa hiyo, ambazo kwa jumla ni takriban saa 45 za kazi. Kwetu, chini ya mfumo wa sifa unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi, ikiwamo mihadhara, semina, mazoezi, kujisomea na mtihani wenyewe. Shahada yao ya miaka minne yenye krediti 120 inafikia saa 5,400 hivi, na yetu ya miaka mitatu yenye krediti 360 inafikia saa 3,600, kwa hiyo kijana asijihurumie kwamba anasoma mara tatu ya mwenzake. Jambo la maana zaidi kwake ni hili: kozi ya krediti 12 inadai saa 120, ambazo kwa muhula wa wiki 15 ni saa nane kila wiki. Ratiba itamwonyesha tatu au nne tu. Zilizobaki hakuna atakayemwandikia popote, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetoka shule ya bweni, alikozoea kengele ya kujisomea, huziona kama muda wa bure.

Tofauti nyingine ni ya mpangilio. Mwanafunzi wa Marekani mara nyingi huingia bila fani, akatawanya kozi zake katika uandishi, hisabati, sayansi na insia, kisha akatangaza fani kufikia mwisho wa mwaka wa pili. Sisi kazi hiyo ya kutawanya na kuchuja tumeiachia kidato cha tano na sita, mtu anaingia na fani mkononi, na elimu ya jumla imebanwa katika kozi chache za lazima. Kwa hiyo ushauri wa video zile kuhusu kuonja kila kitu kabla ya kuamua haumfai mtu wa programu ya miaka mitatu.

Na kwa kuwa DS imeitwa ya kujaza nafasi, niseme ilikotoka. Chuo hiki kilianza mwaka 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na kilihamia Mlimani mwaka 1964. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha, na swali la msomi anamtumikia nani likaingia katika mitaala, kwanza kama kozi ya pamoja kwa wanafunzi wa fani mbalimbali, halafu kwa kuundwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo mwaka 1973. Mtu anaweza kuikubali au kuikataa hoja iliyoizaa kozi hiyo, na kuikataa kwa hoja ni sehemu ya kuisoma, lakini haikuwekwa pale ili ratiba ionekane imejaa.

Mdau_Kijitonyama:

Shikamoo, Mwalimu. Naheshimu historia uliyoitoa, ila naomba nitofautiane kidogo kwa upande wa mwanafunzi wa sosholojia. Nadharia za usasa, za utegemezi na za utandawazi atakutana nazo DS, na atakutana nazo tena katika kozi za idara yake, wakati mwingine katika mwaka uleule. Mwanafunzi wa uhandisi anapata kitu kipya kabisa, lakini huyu wa sosholojia anapata nusu marudio. Ushauri wangu kwake ni kwamba ayatumie hayo marudio: asome maandiko hayo mara moja kwa makini, aandike muhtasari wake mwenyewe, na umtumikie katika kozi zote mbili. Saa atakazookoa azipeleke CL.

Ninasema CL kwa sababu ndiko ninakoona watu wakidharau bure. Ukiacha kozi za Kiswahili na za lugha nyingine, mafunzo chuoni ni kwa Kiingereza, na mtu aliyefaulu HGL vizuri anaweza bado asijue kupanga hoja katika kurasa tano, kurejelea chanzo ipasavyo, au kufupisha maandiko ya mwingine bila kuyanakili. Insha ya kwanza ya idara itayadai hayo yote kabla CL haijafika katikati. Lawama yangu kwa kozi yenyewe ni kwamba stadi ya kuandika haifundishiki sawasawa kwa ukumbi mzima kwa pamoja, inataka mtu asahihishiwe kazi yake. Kwa hiyo asiishie kwenye mihadhara, bali ampelekee mkufunzi wa semina rasimu kabla ya tarehe ya kukusanya. Wengi wao hukubali, kwa kuwa wanaoomba ni wachache.

Dada_Takwimu:

Mdogo wangu, mimi nilisoma sosholojia na sasa ninafanya kazi ya utafiti wa kaya, kwa hiyo nitasema juu ya kozi za kuchagua tu.

Anza na mwaka wa tatu urudi nyuma. Huko mbele unakusubiri utafiti wako mwenyewe, wenye sampuli, dodoso na uchambuzi, na baadhi ya kozi za miaka ya juu zina kozi tangulizi ambazo usipozisoma mapema mlango unafungwa. Fungua mwongozo wa idara kwenye ukurasa wa mwaka wa tatu, weka alama kwenye kozi unazozitamani, kisha angalia kila moja inadai nini chini yake. Ukifanya hivyo, orodha ya mwaka wa kwanza itapungua yenyewe.

Kigezo cha wepesi kina kasoro mbili. Kozi iliyo nyepesi mwaka huu ikibadilishiwa mhadhiri si nyepesi tena, na kozi ambayo kila mtu anaikimbilia huishia kuwa na semina zilizojaa. Kigezo cha kupamba wasifu nacho si imara. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hutaja jina la shahada, na kozi moja ya kuchagua uliyoisoma mwaka wa kwanza haitajwi. Kitakachokusaidia ni kile unachoweza kukifanya, na kwa mwanasosholojia mimi ningeweka takwimu mbele ya kila kitu. Wengi wanaikwepa, wanafika kwenye data zao wenyewe wakalazimika kumlipa mtu awachambulie, na siku ya kutetea ripoti hawawezi kueleza jedwali lililo mbele yao.

Uchumi wa utangulizi si wa kuogopa kwa kiwango unachofikiri. Utahitaji kusoma grafu, kutafuta mteremko wa mstari na kutatua milinganyo midogo, mambo ya kidato cha tatu na cha nne. Hatari iko kwenye hatua zinazofuata, ambako kalkulasi, yaani hesabu ya mabadiliko, inaingia kwa kasi, kwa hiyo usome utangulizi ukijua kama unataka kuishia hapo. Hakikisha tu kwamba kozi hiyo iko wazi kwa wanafunzi wa programu yako. Lugha kama Kifaransa au Kichina ni chaguo zuri ikiwa utaendelea nayo mihula kadhaa. Muhula mmoja wa salamu na kuhesabu hadi kumi ni krediti tu.

Na hudhuria kozi mbili au tatu za ziada katika wiki za mwanzo kabla ya tarehe ya mwisho ya kubadili, kwa maana maelezo ya kozi kwenye mwongozo na kozi inayofundishwa darasani wakati mwingine ni ndugu wa mbali.

Mgeni_Gongolamboto:

Shikamoo, Mwalimu, na nawashukuru nyote, kaka na dada zangu. Nimefuata njia ya kuanzia mwaka wa tatu, na nimebakiwa na takwimu pamoja na utangulizi wa uchumi. Tatizo lililojitokeza ni kwamba katika rasimu ya ratiba, mhadhara wa uchumi umeangukia saa ileile ya semina ya CL. Je, niache uchumi?

Kijana_wa_Yombo:

Usiache kwa sababu hiyo. Mhadhara hauhamishiki kwa ajili ya mtu mmoja, lakini semina ya CL ina makundi mengi katika wiki, kwa hiyo kinachohama ni kundi lako la semina. Nenda kwa mratibu wa kozi ukiwa na ratiba yako iliyochapwa, mwonyeshe mgongano, na hakikisha jina lako limefutwa kwenye kundi la zamani na kuandikwa kwenye jipya, maana wapo wanaohudhuria kundi moja huku alama zao zikisubiriwa kwenye lingine. Rasimu ya ratiba hubadilika pia, hivyo iangalie tena toleo la mwisho linapotoka.

Ukishamaliza, ingia ARIS uhakikishe uchumi umeonekana kwenye orodha ya kozi ulizojisajili. Kama haumo, kwa mfumo wewe si mwanafunzi wa kozi hiyo hata ukihudhuria kila siku. Na ukibadili mawazo, uiondoe humo kabla ya tarehe ya mwisho, usiiache tu kwa kuacha kuhudhuria, kwa sababu kutotokea bila kibali kwenye mtihani wa kozi uliyojisajili ni kesi nyingine, na si ndogo.