Hawa waandaaji wa "hiking ya familia" Morningside watakuja kutuulia watoto

Wakuu habari zenu. Nilitaka nilimeze hili jambo yaishe, lakini leo wameposti tangazo lilelile kwa ajili ya wikiendi ijayo, na picha ya watoto wameweka, nimeshindwa kuvumilia.

Kuna kikundi kinapeleka watu Morogoro kupanda milima ya Uluguru hadi Morningside, pale kwenye jengo la zamani la Mjerumani. Jina silitaji. Tangazo lao linasema njia rahisi, watoto kuanzia miaka mitatu ruksa, muongozaji yupo na nyie mwanzo mwisho. Desemba shule zimefungwa, watoto wamekaa ndani Dar wanagombania rimoti tu, mimi na baba yao tukasema twende. Tukapanda treni ya SGR asubuhi, elfu 13 mtu mzima na watoto nusu, hiyo sina neno nayo. Wao wakachukua elfu 45 kwa mkubwa na 30 kwa mtoto, wakasema maji na chakula humohumo.

Sasa hiyo njia rahisi. Morogoro mjini ni kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, Morningside inapita 1,000, yaani unapanda mlima kwelikweli. Sisemi watoto hawawezi, watoto wa Kiluguru wanapanda na kushuka pale kila siku, lakini mtoto wa miaka minne unamwendea kwa mwendo wake, ukimkimbiza anachoka, anaanguka, analia. Huyu muongozaji kaenda mbele na vijana wenye spika ya mziki, wanapumzika kivulini wanatusubiri, sisi tukitokea tu na watoto tunahema yeye ananyanyuka "haya familia imefika, twendeni!" Kila kituo hivyohivyo. Wenye nguvu ndio walipumzika njia nzima, watoto hawakukaa chini hata kidogo. Nikamwambia kaka angu tupe dakika kumi basi, kanijibu "mama ratiba inabana".

Tumefika juu. Chakula ni chapati moja moja na soda, maji yameisha. Halafu ndo likaja lililonitoa machozi. Vijana wakataka kwenda maporomoko ya Choma, ambayo kwenye ratiba hayakuwepo, jamaa akasema wanaokwenda twendeni, wenye watoto mtusubiri hapa tunarudi sasa hivi. Akaondoka! Na msaidizi wake akaondoka naye! Familia tatu tumeachwa pale hatuijui njia, simu yake haipatikani, tumekaa mpaka ukungu umeshuka na jengo lenyewe hulioni vizuri, mvua ikaanza.

Na asije mtu akaniambia mvua ni mipango ya Mungu. Uluguru ndiyo inayojaza mto Ruvu ambao wengi wetu Dar tunakunywa, upepo wa baharini unagonga mlima ule unageuka mawingu, na huu ni msimu wa vuli. Anayechukua hela za watu kuwapandisha pale ndo kazi yake kulijua hilo kuliko mimi.

Tukaanza kushuka wenyewe. Ule udongo mwekundu ukilowa ni sabuni, wa miaka saba kateleza kachubuka goti lote, mdogo kagoma kutembea kabisa. Tukakutana na bibi mmoja anapanda kurudi kwake, ametoka kuuza ndizi sokoni, tenga tupu kichwani, na mjukuu wake. Kamwangalia mtoto, kaniuliza "nani kawaacha huku?" Nikakosa la kusema. Akatoa khanga yake, akamfunga mwanangu mgongoni kwa baba yake vizuri, akamwambia mjukuu washushe hawa mpaka barabarani. Yule kijana kashika mkono watoto wa wenzetu mmojammoja kwenye kila utelezi. Hakudai hata mia, tulimlazimisha kupokea.

Muongozaji kapiga simu tuko mjini tayari, giza limeingia, anauliza "mko wapi mbona hamkusubiri". Hakuuliza kama watoto wazima. Nimedai hela ya watoto irudi, nikajibiwa safari imefanyika na jengo tumeliona. Juzi wameniondoa kwenye grupu la WhatsApp.

Ninachotaka ni kimoja, hela ya wanangu elfu 60 irudi na wafute hayo maneno ya miaka mitatu kwenye tangazo mpaka wawe na mtu wa kubaki nyuma na watoto. Familia zile mbili tulizokuwa nazo kama mpo humu jitokezeni twende pamoja kulalamika, mmoja mmoja wanatupuuza.

Na mwenyeji wa Moro anayemjua muongozaji wa hukohuko mlimani, mtu mzima mwenye subira, anitumie PM. Wa miaka saba bado anaulizia Choma.