Nondo wa kantangaze: kibandiko kiandikwe jina lipi?

Mwalimu Arumeru: Wanajamvi, salaam. Ninaandaa sanduku la wadudu kwa ajili ya maabara ya shule, na nimekwama kwenye nondo mdogo wa kijivu ambaye wakulima wa nyanya huku kwetu humwita kantangaze. Kitabu kimoja kinamtaja kuwa ni Tuta absoluta, ilhali makala mpya inamwita Phthorimaea absoluta. Tena, nondo niliowatoa kwenye ghala la viazi wanafanana naye mno. Je, hawa ni wadudu wangapi, nami niandike nini?

Mdudu Kijivu: Mwalimu, majina hayo mawili ni ya mdudu mmoja. Mtaalamu wa nondo Meyrick alimweleza mwaka 1917 kutokana na nondo wa Peru na kumweka katika jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Phthorimaea. Baadaye wataalamu walimhamisha jenasi hadi jenasi, Povolný akamfikisha Tuta mwaka 1994, na mwaka 2021 Chang na Metz wakamrudisha alikoanzia. Familia ni ileile, Gelechiidae. Jina la aliyemweleza mdudu na mwaka wake hufuata jina la kisayansi, na hutiwa mabano mdudu akihamishwa jenasi; kwa kuwa huyu amerudi kwenye jenasi yake ya kwanza, la Meyrick sasa huandikwa bila mabano, jambo ambalo wengi hulisahau. Andika jina jipya, na la Tuta chini yake, maana maafisa ugani wengi bado wanalitumia.

Mkulima Ngarenanyuki: Huyo wa ghalani, Mwalimu, usimchanganye na kantangaze. Nondo wa viazi ni mkubwa kidogo na ana rangi ya kahawia zaidi, na jike akifunga mabawa huonyesha alama kama X mgongoni. Kantangaze ni wa kijivu cha fedha chenye madoa meusi, na mabawa yake yakitandazwa hufika takribani milimita 10. Ukimpata kiwavi ni rahisi zaidi: wa kantangaze ana ukanda mwembamba mweusi nyuma ya kichwa, ilhali kwa wa viazi sehemu hiyo yote ni nyeusi.

Mdudu Kijivu: Naam, kiwavi ni wa kutegemewa kuliko rangi, kwani nondo aliyenasa kwenye gundi ya mtego hupoteza magamba ya mabawa. Huyo hutambuliwa kwa uhakika kwa kuchunguza viungo vya uzazi kwa hadubini, kazi ambayo ni vyema uwaombe wataalamu wa TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania) pale Ngaramtoni, Arusha. Wa viazi ni Phthorimaea operculella. Zeller alimweleza mwaka 1873 katika jenasi nyingine, hivyo jina lake na mwaka hubaki ndani ya mabano.

Mwalimu Arumeru: Nashukuruni sana. Basi wale nilionao walionasa kwenye gundi ya mtego nitawaandikia Phthorimaea pekee, pamoja na mahali na tarehe, mpaka majibu ya Ngaramtoni yatoke.