Mjusi wa Tendaguru: nani katuambia hatuwezi kumtunza?

Wakuu, nimechoka. Kila mjadala wa mjusi wetu wa Tendaguru, yaani mifupa ya yule dinosaria mkubwa aliyechimbwa Lindi na sasa yuko makumbusho ya Berlin, ukifufuka, anajitokeza Mtanzania mwenzetu, tena wakati mwingine mwenye cheo, kutuambia tumwache hukohuko Berlin kwa sababu sisi hatuna uwezo wa kumtunza. Aliyemchukua akisema hivyo namwelewa. Wewe mtoto wa Kusini unasemaje hivyo?

Wajerumani walichimba pale Lindi kuanzia 1909 hadi 1913. Majimaji ilikuwa imezimwa juzijuzi tu, watu wamekwisha kwa risasi na njaa. Waliosalia ndio walioshika majembe, wakabeba mifupa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu hadi bandarini Lindi. Zaidi ya tani 200! Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyeijua kazi ile barabara. Lakini jina la kitaalamu la mjusi likatolewa kwa heshima ya profesa Branca wa Berlin. Wamwera, wenyeji wa huko, wamekumbukwa 2019, dinosaria mwingine wa hapohapo alipoitwa kwa jina lao.

Haya, utunzaji. Baadhi ya ile mizigo ya mifupa iliyofungwa kwa mianzi na babu zetu haijafunguliwa hadi leo, imekaa stoo Berlin zaidi ya miaka 100. Sisi tungefanya hivyo tungeitwaje?

Wengine wanasema mifupa ni dhaifu, haisafirishiki. Uongo! Mwaka 1984 Ujerumani Mashariki ilimfungua mjusi huyuhuyu, ikampeleka Tokyo kwa maonyesho, akarudi salama. Ukumbi ulipokarabatiwa akafunguliwa tena, 2007 akasimamishwa upya, mita 13 na ushee, na watu wanakata tiketi kumwona. Lindi inapata nini? Fuvu la chifu Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani, lilirudi 1954, liko Kalenga, Iringa, na wanaolitunza ni Watanzania hawahawa mnaowaita hawawezi.

Kama jengo ndiyo tatizo, basi tudai jengo pia, na mafunzo kwa vijana wetu wa jiolojia, kutoka kwa waliofaidika karne nzima. Hilo ni deni, si msaada.

Wabunge wa Lindi, kama mnapita humu: pelekeni swali bungeni. Serikali imewahi kumdai mjusi huyu kwa barua rasmi? Lini, na ilijibiwa nini? Tunataka jibu la maandishi.