Mrejesho: paa la migongo miwili kwenye Sweet Home 3D, limekubali

Wakuu, niliuliza hapa nitachoraje paa la bati la migongo miwili kwenye Sweet Home 3D (programu ya kuchorea nyumba kwenye kompyuta) wakati yenyewe haina kifaa cha kupaulia, sasa imekubali na naandika ili na mwingine apate.

Ule ukuta wa mwisho unaobeba kenchi unaukata katikati, halafu kila nusu unaipa urefu wa kwenda juu tofauti mwanzo na mwisho. Nyumba yangu ina upana wa mita 8, kwahiyo nusu ni mita 4, na kwa mwinamo wa digrii 20 kilele kinapanda kama mita 1.46, basi pembeni niliweka mita 3 na katikati 4.46, ukapatikana ule umbo wa pembetatu safi kabisa. Bati lenyewe ni boksi la kawaida la kwenye samani, unalifanya jembamba sentimita 5 na kulilaza digrii 20, urefu wake mita 4.26 hadi ukutani, ukiongeza na ule mtokezo wa nje wa kuzuia mvua. Aisee hii ndo iliyonifurahisha kuliko zote.

Paa liwekeni kwenye ghorofa (level ya kwenye programu) yake peke yake, ukitaka kuona vyumba unalificha tu.

Sebule yangu iliyo chini ngazi mbili kuliko vyumba vingine nayo ni hivohivo kwa ghorofa, sebule inabaki usawa wa sifuri na vyumba vingine unavitengenezea ghorofa ya sentimita 30. Kibaraza ni ukuta mfupi wa kwenda juu sentimita 90 tu. Fundi kaiona michoro, kaelewa bila maswali. Asanteni sana.