Kiwanja Ipuli: nyuki, mbuzi au nguruwe?

kijana_ipuli: Wakuu habari za saa hizi. Nina kiwanja Ipuli hapa Tabora mjini, 20 kwa 30, nyumba imekula kama nusu, nyuma kumebaki wazi na mwembe mmoja mkubwa. Nawaza mizinga miwili ya nyuki, mbuzi wa maziwa, au nguruwe. Kipi hakitaniletea mtendaji mlangoni?

mama_banda: Nguruwe futa mwanangu. Bwana afya wala hahitaji kufungua sheria ndogo, harufu yenyewe inamwita. Na mtaa una waislamu wengi, utaishi nao vipi? Halafu homa ya nguruwe ikiingia huku hatuna chanjo wala dawa yake, unabaki na banda tupu na deni la pumba.

mrina_sikonge: Mi nimezaliwa kwenye asali na bado nakwambia nyuki wakubwa, hawa wanaouma, kwenye kiwanja hicho usithubutu. Jamaa yangu alitundika mzinga mmoja tu kwenye mwarobaini nyuma ya nyumba, miezi minne kimya kabisa, siku hiyo jirani anachoma takataka moshi ukaelekea kule, wakatoka. Watu walikimbilia ndani ila kulikuwa na mbuzi kafungwa kamba, tukamkuta kavimba mdomo macho hayaonekani, magharibi haijafika kashakufa. Jamaa kalipa mbuzi na mzinga kauhamisha usiku uleule. Sheria ya nyuki ya 2002 ipo, sawa, ila we kesi yako itaishia kwa balozi wa nyumba kumi kabla haijafika huko.

kijana_ipuli: Duh. Sasa mi nilitaka nyuki NA mbuzi pamoja 😂

dogo_kitete: Fuga farasi basi mkuu uwe wa kwanza mtaani

mrina_sikonge: Farasi gani, mbung'o wa huku wanammaliza. Unadhani Wanyamwezi wa zamani walipenda kubeba meno ya tembo mabegani mpaka Bagamoyo?

mama_banda: Tuje kwa mbuzi. Mi ninao wawili, mmoja ananipa lita moja na kitu kwa siku. Shida siyo sheria, ni majani. Zile kanuni za kilimo cha mijini za 1992 zilitaka ng'ombe wasizidi wanne na walishwe ndani, sasa mbuzi nao ukiwaachia wakala mchicha wa watu utaitwa tu. Kuanzia mwezi wa saba nyasi zimekauka zote, nanunua viroba vya majani ya viazi pale sokoni. Kabla hujajenga banda pita kwa afisa mifugo wa kata, uwe na karatasi mkononi siku wakija.

mrina_sikonge: Kama roho inataka asali weka nyuki wadogo, wale wasiouma. Kiboksi unakitundika chini ya bati basi. Asali yake kidogo, ina uchachu, ila bei yake huilinganishi na hii ya kawaida. Chuo cha nyuki kiko hapahapa Tabora, nenda kaulize.

kijana_ipuli: Mrejesho. Nimeanza na bibi wa ukuta mmoja maana ndo mkali. Nikamwambia bibi shikamoo, nataka kuleta nyuki ila hawaumi. Akacheka, akanishika mkono mpaka nyuma ya jiko lake, kwenye ufa wa tofali kuna kamrija ka nta kama sigara, vinyuki vinaingia vinatoka. Anasema wako hapo tangu mwanae wa mwisho yuko darasa la pili. Huyo mwanae sasa ana watoto wawili.